Herufi Kumi na Nane

Kakule alizikwa Beni juma lililopita. Nilipanda gari la asubuhi kutoka Butembo kwenda kumsindikiza, na kwenye matanga nikaketi upande wa wanawake, karibu na masufuria ya chai. Nyuma yangu wanaume wawili wenye umri wa baba yangu walikuwa wanangoja vikombe vyao. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo: "Huyu si njo ule wa majina? Ule aliuzishaka majina ya bagonjwa?" Mwenzake akajibu: "Njo yeye. Mais Mungu amusamehe." Nikageuka, nikasema: "Papa, hapana yeye. Hakuuzisha kitu." Wakaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia ndugu wa marehemu anayemtetea wake, wakapokea vikombe vyao. Hawakuniamini. Njia nzima ya kurudi, maili kwa maili, nilikuwa nikijibishana nao kichwani, na nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Katika watu wote waliokaa pale, mimi ndiye niliyejua zaidi, na ndiye niliyekuwa na sababu kubwa ya kunyamaza.

Mwaka ule wa Ebola nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya informatique, ya kompyuta, na vituo vya afya vya Butembo na Beni vilitafuta fundi wa kuviunganisha ili majibu ya maabara yasisafiri tena kwa karatasi juu ya pikipiki. Ofisi yangu ilikuwa ghala la zamani la kahawa huko Kimemi, mtaa wa Butembo. Hata baada ya kupaka chokaa harufu ya kahawa haikutoka, ikachanganyika na ya chlore, kwa sababu mlangoni palikuwa na ndoo ya kunawia na mlinzi mwenye kipima-joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Ndani kulikuwa na meza mbili, groupe, yaani jenereta, nje ya dirisha, na juu ya rafu kisanduku cheusi kilichounganisha antena yetu na ulimwengu. Kisanduku hicho nilikitengeneza mwenyewe: kompyuta ndogo, mfumo wa bure ambao kila mtu anaweza kusoma maandishi yake, na kadi mbili za mtandao nilizonunua Kasindi, mpakani, kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Kadi moja ilielekea kituoni. Nyingine ilielekea kwa wateja wa kawaida wa antena ile, maduka na cyber, kwa kuwa tulipewa mnara kwa sharti la kugawana nao. Nilijivunia kisanduku kile. Wageni walipokuja niliwaonyesha taa zake za kijani.

Upande wa Beni alikuwa Kakule. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwalimu wa zamani, na kazi yake ilikuwa kupiga kwenye kompyuta kila jibu lililotoka maabara: jina, umri, mtaa, jibu. Miezi mingi nilimjua kwa sauti tu. Saa moja na nusu asubuhi simu ililia, naye akanisalimu kwa lugha ya kwetu: "Kavira, wavukire. Line iko?" Nikisema iko, alipiga majina polepole, kwa vidole viwili, maana alikataa kukosea. Aliwahi kuniambia kwamba kukosea herufi moja kunaweza kupeleka gari la wagonjwa kwenye mlango wa mtu mzima wa afya, na watu wa mtaa hawatakusamehe kwa hilo.

Nilipanga chumba kwa Mama Masika, mjane aliyeuza sombe, majani ya mhogo yaliyotwangwa, sokoni. Saa sita mchana nilikula kwake, bugali na maharagwe, siku nzuri samaki wa chumvi, na huko mezani ndiko nilikosikia yale ambayo ofisini hatukuambiwa. Jirani zake walipita, wakakaa kwenye kibao, wakaanza: "Banasema bale ba avenue ya juu beko nayo. Baliisha kukimbia." Siku mbili baadaye gari la timu ya Ebola lilipanda avenue ya juu na kukuta nyumba tupu. Ikatokea mara ya pili, ya tatu. Habari ilifika mtaani kabla ya wauguzi. Familia ziliwaficha wagonjwa wao mashambani, huko Vuhovi na kwingineko, na vijana walirushia magari mawe kwa sababu waliamini kuna orodha inayouzwa. Hapo mwanzo hata mimi niliona wazi kwamba kuna mtu anayetoa majina. Na ni nani aliyekuwa na majina yote mkononi?

Polisi walimkamata Kakule siku ya Jumamosi, mbele ya maabara, akiwa bado amevaa glavu. Docteur Mbuyi, mkuu wetu, mtu wa Kasai aliyetumwa kwetu na serikali, alituita ofisini akatuambia bila kuketi. "Nimesikitika," alisema. "Mais preuves, ushahidi, ziko contre yeye. Majina inapita kwake tu." Nilikumbuka ile sauti ya "Kavira, wavukire", nikajiambia kwamba sauti nzuri si ushahidi.

Jumatatu yake Muhindo alinipigia. Huyu alikuwa na cyber ndogo ya mashine tano, mteja wa mnara wetu, na alilalamika kila juma kwamba mtu anamwibia connexion. Nilimkuta amefunga mlango wa duka mchana kweupe. Alikuwa na programu ya kusikiliza mtandao, ile inayoonyesha kila pakiti inayopita, aliyoiwasha ili amnase mwizi wake. "Yaya Kavira," aliniambia, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, ingawa alinizidi miaka, "kuja uone. Hii bintu inatoka wapi?" Kwenye skrini zilipita pakiti fupi zile za kawaida, za mashine kuulizana "nani yuko wapi", ambazo hakuna mtu anayezisoma. Zinatakiwa kuwa na mkia wa sufuri. Mkia wa hizi ulikuwa na maandishi. Alishusha ukurasa kwa kidole chake, akasimama kwenye moja, nami nikasoma herufi kumi na nane: SIKA;54;KIMEMI;POS.

"Imeanza lini?" niliuliza.

"Miye niliona tangu mwezi jana. Nilizania ni virus."

"Na uliambia nani?"

Akaangalia chini. "Bibi yangu tu. Na ndugu zake. Niliona jina ya mutu ya kwao, Kavira, ningefanya nini? Ningenyamaza?"

Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Pakiti ya mtandao ina urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa, nafasi sitini. Ujumbe mfupi kama ule una arobaini na mbili. Kwa hiyo ile sehemu ya mfumo inayoendesha kadi, ambayo sisi huiita pilote, inaurefusha kwa nafasi kumi na nane. Inatakiwa kuzijaza sufuri. Isipozijaza, kinachotoka ni chochote kilichokuwa kimebaki mahali hapo kwenye kumbukumbu ya mashine, na katika kisanduku changu mahali hapo palikuwa pamepita, dakika chache kabla, orodha ya maabara ya Beni, ile aliyokuwa akiipiga Kakule na ambayo sasa ilipigwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeuza kitu. Majina yalikuwa yanavuja upande wa pili wa sanduku langu, vipande vya herufi kumi na nane, siku nzima, kwa duka lolote lililokuwa kwenye mnara.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Ninaandika sasa nikiwa na muda wa kutosha wa kutafuta maneno mazuri ya kujitetea, na sina hata moja. Nilimwambia Muhindo azime programu yake na asimwambie mtu. Nilirudi ofisini na kufungua maandishi ya pilote. Nilijiambia kwamba nitatengeneza kwanza, kisha nitasema; kwamba mtu anayeleta tatizo pamoja na dawa yake anasikilizwa vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia jinsi walivyomchukua Kakule, na kisanduku kile kilikuwa changu.

Mchana wake nilikwenda kula. Mama Masika alikuwa ameshaweka sahani, mvuke unatoka kwenye bugali, na alikuwa anakohoa kwa sababu ya moshi wa kuni. Kwetu kila binti wa kwanza anaitwa Masika. Mtaani pekee ningeweza kuhesabu ishirini. Lakini umri wake ulikuwa hamsini na nne, na alikaa Kimemi. Alinikatia bugali kwa mkono wake, kama alivyofanya siku zote, akasogeza sahani. Niliiangalia. Sikuweza kunyoosha mkono.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Niko tu hivi."

Akaniangalia vizuri, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa amekaa miezi yote ile akisikiliza wale wa kwenye kibao. Alijua mtu anayeogopa chakula anavyokaa. "Kavira, umesikia nini juu yangu?"

"Sijasikia kitu."

"Basi kula."

Nikasimama, nikasema nimeitwa kazini. Hakunizuia. Aliichukua ile sahani, akaketi palepale nilipokuwa nimeketi, akaanza kula peke yake, akiniangalia mpaka nikatoka. Hakuwa amepimwa hata siku moja. Yule wa kwenye mkia wa pakiti alikuwa Masika mwingine, muuza maharagwe wa upande wa pili wa soko. Wanawe walipata habari kutoka kwa ndugu za mke wa Muhindo na wakamficha siku tatu kwenye nyumba ya shamba, na alipoletwa kituoni tayari alikuwa amechelewa. Sikumwona kamwe. Ninajua umri wake, mtaa wake, na herufi nne za mwisho za jina lake.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi nilisoma pilote ile mstari kwa mstari. Ilikuwa kurasa nyingi, zimeandikwa na watu wa mbali ambao hawakujua kwamba kuna mahali panaitwa Kimemi. Mlinzi aliniletea viazi vya kuchemsha, vikapoa. Kila simu ilipolia nilidhani Muhindo amesema. Alhamisi asubuhi niliona mahali: pilote ilihesabu nafasi zinazokosekana, ikaongeza urefu wa pakiti, kisha ikaituma moja kwa moja. Mstari wa kusafisha haukuwepo. Nilikuwa bado nimeweka kidole kwenye skrini wakati mlinzi alipoingia na redio yake mkononi akasema watu wa Beni wameshambulia nyumba ya "yule wa majina". Wamevunja madirisha na mawe, mke na watoto wametoka kwa mlango wa nyuma. Mlinzi alisema hivyo kwa utulivu, hata kwa kuridhika kidogo. Niliinuka, nikaenda kugonga mlango wa Docteur Mbuyi.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Unasema machine njo ilisema majina?"

"Ndiyo, docteur. Ni mahali ambapo haijasafishwa. Inatoa chenye kilikuwa mule mbele."

"Na weye ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

Alivua miwani yake. Nilitegemea atapiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi. Alisema tu: "Zima line." Kisha akaongeza: "Nikienda kule Beni na maneno tu batanicheka. Nipe kitu bataona na macho. Avec et sans, na dawa na bila dawa. Mbele na nyuma."

Nilizima. Kuanzia saa ile majibu yalirudi kwenye karatasi na pikipiki, kwenye barabara ambayo ilifungwa kila mara risasi ziliposikika, na kila saa niliyokawia ilikuwa mgonjwa anayelala chumba kimoja na watoto wake. Nilifikiria kuagiza kadi za aina nyingine Kasindi, lakini njia ilikuwa imefungwa juma lile. Niliongeza mstari wangu wa kujaza sufuri, nikaanza kujenga upya kiini cha mfumo. Kompyuta ilifanya kazi hiyo tangu Ijumaa asubuhi hadi saa tisa mchana, huku groupe ikiomba mafuta mara mbili. Nikaweka, nikatuma orodha ya uongo, nikaangalia kwa Muhindo. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Nilikimbia kwa miguu mpaka kwa Docteur nikamwambia: "Imepona." Aliwasha line jioni ile na kuanza kuandika barua yake kwa wakubwa wa Beni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Muhindo alipiga simu. Hakunisalimu. "Kavira, iko inatoa tena."

Nilikwenda mbio. Zilikuwa chache mno, labda moja kati ya mia, lakini zilikuwepo: kipande cha umri, nusu ya mtaa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja wake, na Muhindo, maskini, akaniletea chai ya maziwa na kusimama mlangoni ili mtu asiingie. Nililazimika kumpigia Docteur na kumwambia nilidanganya bila kujua. "Barua bado haijatoka," alisema. "Zima. Na Kavira, mara hii usikimbie kuniambia. Angalia mara kumi."

Nilianza upya, safari hii si kutafuta kosa bali kuifuata kila pakiti kwa mkono tangu inapoingia mpaka inapotoka, na kila mahali njia inapogawanyika niandike kwenye daftari. Ukurasa wa tatu wa daftari nikaiona. Pakiti ikikosa nafasi mbele ya kuwekea kichwa chake, pilote ilitengeneza nakala mpya yenye nafasi kubwa zaidi na kuituma kutoka hapo hapo, bila kufika kwenye mstari wangu. Nakala mpya inachukua kumbukumbu popote ilipo, chafu kama ilivyo. Ilikuwa njia ya pembeni, inayotumika mara chache, na ndiyo maana haikuonekana siku ya kwanza. Nikaweka mstari wa pili. Nikajenga. Nikapima Jumapili nzima, wakati kengele za misa zinalia na watu wanapita wamevaa vizuri. Nikapima tena Jumatatu. Baadaye niliandika barua kwa wale watunzaji wa mbali, nikawapelekea mistari yangu miwili; mmoja alijibu kwa maneno machache kwamba iko sawa, ila nieleze nani aliyegundua. Niliandika jina la Muhindo. Aliogopa, kisha akaomba nimchapishie ukurasa ule.

Docteur Mbuyi alikwenda Beni mwenyewe, na kompyuta mbili kwenye magoti yake, moja ikiwa na pilote ya zamani na nyingine yenye mpya. Sijui alisema nini huko. Jumatano Kakule alitoka. Ijumaa akanipigia, na ile sauti niliyoizoea ilikuwa imekauka. "Kavira. Docteur amenieleza. Anasema line iko safi. Miye nataka kuona."

"Nimepima, mwalimu. Mara nyingi."

"Ulipima na majina ya uongo ya kwako. Nitaandika miye. Enda kwa ule mutu wa cyber, ukae, uangalie."

Nilikwenda. Yeye alikaa maabara, mahali pale pale walipomkamatia, akaanza kupiga. Hakuandika majina ya wagonjwa. Aliandika lake: KAKULE, umri wake, mtaa wake, na mwishoni NEG. Mstari mmoja, halafu mwingine, vidole viwili, tangu saa tatu. Mimi na Muhindo tulitazama mikia ya pakiti. Sufuri tupu. Saa tano nikampigia: "Mwalimu, hakuna kitu." Akasema: "Angalia tena. Ita mutu mwingine aangalie." Muhindo akamwita mke wake, naye akaketi, akatazama mikono ikiwa mapajani. Saa saba: "Hakuna kitu, mwalimu." "Endelea." Saa tisa nikasikia kupitia simu yake vitufe vya kompyuta bado vinagonga, polepole, bila kukosea.

Saa kumi akaacha. "Basi," alisema. "Sasa piga simu kwa bibi yangu. Iko Vuhovi, kwa bazazi yake, na batoto. Miye nilimwambia sikufanya. Alisema anaamini, mais anasema na midomo tu. Weye mueleze. Weye njo unajua."

Niliandika namba kwenye kiganja. Mkewe alipokea haraka. Nyuma yake niliwasikia watoto na mtu anayepasua kuni. Nilijitambulisha. Nilimweleza juu ya kisanduku, juu ya mahali pasiposafishwa, juu ya mistari miwili, kwa Kiswahili rahisi nilichoweza. Nilimwambia kwamba mumewe hakumwambia mtu hata jina moja, kwamba kosa lilikuwa ndani ya mashine, na mashine niliiweka mimi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza: "Balivunja nyumba yangu Alhamisi. Weye ulijua tangu siku gani?"

Muhindo na mke wake walikuwa wananiangalia. Ningeweza kusema nilijua siku ile ile.

"Tangu Jumatatu, mama," nilisema. "Nilijua siku tatu mbele ya kusema."

Shoka la kule Vuhovi liligonga mara moja, likagonga tena. Nilingoja akate simu. Hakukata. Nilisikia anawaambia watoto watoke nje, nilisikia mlango unafungwa, na anavuta kiti.

"Anza upya," alisema. "Tangu ile Jumatatu. Na usiache kitu."